Punje ya Aliyelala

Punje ya mwisho ilikuwa inaanguka polepole kuliko zile nyingine.

Hicho ndicho nilichokisikia kwanza, kabla sijajua kwamba kuna jambo la kusikiliza. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa fundi cherehani Chubwa, uso nimeuelekeza ukutani kama sheria ya mhesabu inavyotaka, kibuyu nimekishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili. Nilisema maneno yangu, "Aliye macho ajitie mwenyewe," nikanyamaza. Punje moja ya mahindi ikatupwa ndani, ikagonga ubavu wa kibuyu. Ya pili ikatupwa, ikagonga. Pakawa kimya kidogo. Kisha mtu akaingiza vidole kwenye shingo ya kibuyu na kuiachia punje ya tatu huko huko ndani, taratibu, kama mama anayemlaza mtoto na hataki aamke.

Nyumba ile ilikuwa na fundi na mkewe tu. Niliwaona wakati naingia.

"Tumemaliza, binti, geuka," akasema mke wa fundi. "Chukua karanga uende ukitafuna."

"Asante, mama."

"Huyu kila mwaka anakuja na hata jina lake hatulijui," akasema fundi. "Ukimuuliza anatazama miguu yake."

"Mwache na haya zake. Yule wa kabla yake si ndiye aliyekwambia umezeeka?"

"Alisema nimekomaa."

"Alisema umezeeka, mume wangu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Nilipokea karanga nikatoka. Pale kizingitini palikuwa na viatu vya ngozi vya mwanamume kijana, vimejaa vumbi, ncha zake zikitazama ndani. Nilivivuka kama watu wote wa Nkindo wanavyovivuka viatu vya namna hiyo, bila kuvigusa. Vilikuwa vya mtoto wao aliyeshuka.

Nyumba iliyofuata, mwanamke na watoto wake wakatupa punje zao wakicheka na kusukumana. Mlangoni hapakuwa na viatu vya vumbi. Hakuna punje iliyolazwa. Nyumba ya tatu palikuwa na kandambili za kike, ncha ndani, na baada ya punje zote kugonga, moja ikaja taratibu. Nikaendelea hivyo mtaa mzima. Jua lilipofika utosini sikuwa na shaka tena. Kila penye viatu vya aliyeshuka, watu wa nyumba walimtia na yeye.

*

Mji wetu unajihesabu kila mwaka kabla ya mvua, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Wageni wanaotoka miji mingine hutucheka. Wanasema mji wenye mitambo ya kulaza watu kwa miaka umeshindwaje kuwa na mtambo wa kuwahesabu.

Mtambo ulikuwepo. Juu ya kila mlango lilifungwa jicho la kuona joto la mwili. Lakini kwa jicho lile mbuzi alikuwa mtu, na mtoto aliyefungwa mgongoni alikuwa sehemu ya mama yake. Halafu watu wakaanza kuyafunika kwa vitambaa. Hawakuwa wakaidi. Kwetu mtu hahesabiwi. Ukitaja kwa mdomo idadi ya watoto wako, ni kama umekionyesha kifo mlango wa kuingilia. Bibi yangu mpaka leo ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakujibu, "Wapo."

Ndipo wakakubaliana kwamba hakuna mtu atakayemhesabu mwenzake. Kila mmoja atachukua punje kwenye kapu la nyumba yake na kujitia mwenyewe. Kichanga atawekewa punje kiganjani na mama yake ataufungua mkono wake juu ya kibuyu. Mhesabu atageukia ukuta, kwa kuwa jicho nalo huhesabu. Hatauliza kitu, na akiulizwa hatajibu. Vibuyu vya mji mzima vitamwagwa pamoja kwenye sinia moja la mashine, na kitakachohesabiwa ni mahindi.

Kwa kazi hiyo hawatafuti msomi. Wanatafuta mtu asiyesema. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu utotoni watu walikuwa wakimuuliza Bibi kama nina ulimi. Nilichukuliwa siku ile ile niliyokwenda kuomba.

Sababu ya kuhesabu ni maji. Chini ya kilima kuna tangi linalopokea mvua ya mji, na hatuna maji mengine. Mvua zilipoanza kupungua, madaktari walikwenda kumtazama kamongo, samaki anayejizika topeni bwawa likikauka, akajifunika ute wake na kulala bila kula wala kunywa mpaka maji yarudi. Walichukua kilichomo ndani ya damu yake, wakakitia baridi, na kikafaa kwa watu. Mtu aliyelazwa hanywi. Nywele zake hazikui. Moyo wake unapiga kwa nadra sana hivi kwamba mgeni akiweka sikio kifuani anaweza kuondoka akilia kabla haujapiga tena.

Waliolazwa wako kwenye vyumba vya jiwe chini ya tangi. Sisi husema wameshuka, na mahali penyewe tunapaita Chini. Wapo kwenye foleni. Kila mwaka, baada ya sinia, mji hupima maji dhidi ya punje. Maji yakizidi midomo, wa mbele kwenye foleni wanaamshwa. Punje zikiwa nyingi, hakuna anayeamshwa.

Mwaka uliopita hakuna aliyeamshwa. Mwaka juzi pia.

Mama yangu, Kalunde, alishuka kwa kura nikiwa darasa hilo la tano. Aliacha kandambili nyekundu mlangoni, na kila mwaka Bibi humtilia punje yake; nilidhani ni sisi tu. Nilijaribu kuzivaa mwaka huu na visigino vyangu vikabaki nje. Yeye hajaongezeka hata siku, na mimi nakaribia umri aliokuwa nao wakati anashuka.

*

Siku ya pili asubuhi nilikwenda ofisini kabla wenzangu hawajafika. Mkuu wetu ni Mama Kifunda, mwanamke mrefu anayekunywa uji wake akiwa amesimama. Nilimwamkia, akaitikia, nikabaki pale.

"Mwasiti, ukisimama hapo mpaka adhuhuri sitajua unataka nini."

Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikianzia mwisho, kwenye viatu, kisha nikarudi kwenye zile punje zinazolazwa. Aliweka bakuli mezani.

"Umezisikia," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilizisikia wakati nabeba kibuyu kama wewe. Nilifikiri ni nyumba moja mbili."

"Kwa hiyo mnajua, mama?"

"Tunajua kwamba kila mwaka tangi linabaki na maji ambayo kwa hesabu yasingebaki. Mafundi wanasema ni umande. Nawaacha na umande wao."

Nilitazama miguu yangu. Swali nililokuwa nalo lilikuwa kubwa kuliko sauti yangu, lakini lilitoka.

"Basi kuna watu Chini ambao wangekuwa wameshaamka. Wanazuiwa na watu wao wenyewe."

"Ndiyo."

"Na watu wao hawajui."

"Hawajui. Wanadhani punje ya aliyelala haizuii kitu, wanafanya heshima. Wewe unaweza kupakua chakula ukamruka mtu wa nyumba yako kwa sababu amelala? Si unambakizia? Nao wanambakizia." Akachukua tena bakuli lakini hakunywa. "Sikiliza. Hesabu ya kwanza kabisa, watu waliambiwa wazi. Tuliwaambia, punje zikipungua ndugu zenu wataamka. Unajua walifanya nini?"

Nilikuwa mdogo wakati huo. Nikatikisa kichwa.

"Walizificha. Baba anajitia, mama anaficha yake. Mji mzima ukawa nusu ya mji. Tukafurahi, tukaamsha watu, tukawapigia ngoma. Msimu haujafika katikati tangi likatoa tope. Ndiyo ikaja kura."

"Kura ya mama yangu."

"Kura ya mama yako, na mume wangu. Watu walishikwa mikono wakashushwa wanalia, kwa sababu ya punje zilizofichwa na watu waliowapenda wengine. Tangu hapo sheria ikawa mhesabu hasemi kitu zaidi ya yale maneno yake. Hao wanaolaza punje ya ziada angalau hawajawahi kumuua mtu. Mwaka juzi mvua ilipochelewa, tulikunywa yale mabaki."

Nje nilisikia wenzangu wakipanda ngazi, Hamduni akiwa mbele kwa sauti kama kawaida yake.

"Mama Kifunda," nikasema, "viatu vya mume wako vipo mlangoni?"

"Vipo."

"Na punje yake?"

Alikunywa uji mpaka bakuli likaisha, akalifuta kwa kidole.

"Huwa naitia," akasema. "Ninajua yote haya niliyokwambia, na naitia. Nikifika zamu yake mkono haurudi." Akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kwenye mlango wa mtu mwingine wewe ni kibuyu. Kibuyu hakisemi, na ukisema nitakunyang'anya. Nyumbani kwako wewe ni mtu. Huko sina amri."

*

Siku hiyo nilipewa mtaa wa juu, wa wachonga mawe. Nilifanya kazi vizuri. Nilisema maneno yangu, nikageukia kuta, nikazisikia punje zikigonga na punje zikilazwa, na sikusema lolote. Nilijiambia kwamba Mama Kifunda ana haki. Nilipofika nyumba nyingine nilijiambia kwamba hana. Vibuyu vilikuwa vinajaa kwa namna ile ile.

Nyumba ya karibu na mwisho alikuwemo mwanamume mmoja peke yake, anaitwa Sizya, mikono yake myeupe kwa vumbi la mawe. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike vyenye visigino, vimefutwa vumbi. Hilo sijaliona kwingine. Nikageukia ukuta.

"Aliye macho ajitie mwenyewe."

Punje moja ikagonga. Nikasubiri ya pili. Haikuja.

"Binti," akasema nyuma yangu. "Nikuulize kitu."

Nilikishika kibuyu vizuri zaidi.

"Hii ya mke wangu. Kila mwaka naitia. Jana nimelala nawaza, hivi haya maneno yenu yanasema aliye macho, na yeye hayuko macho. Sasa niitie au nisiitie?"

Ukuta wa nyumba ile umepakwa udongo mwekundu, na mtu aliyeupaka alipitisha vidole. Niliifuata mistari ya vidole vile kwa macho, kutoka juu mpaka chini.

"Najua hamruhusiwi kusema," akasema. "Basi kohoa. Ukikohoa, nisiitie."

Koo langu lilikauka palepale. Hapakuwa na mtu mwingine ndani. Kukohoa si kusema. Nilimwona mke wake, ambaye simjui, akipanda ngazi za Chini akiwa amejifunika shuka, akitafuta viatu vyake. Kisha nikamwona Sizya akimsimulia jirani yake, jirani akimsimulia shemeji yake, na mtaa mzima wakikaa barazani kupanga nani ajitie na nani ajifiche. Nikaliona tangi likitoa tope. Nikawaona watu wakishikwa mikono.

Nilimeza mate ili nisikohoe.

"Aliye macho ajitie mwenyewe," nikasema mara ya pili.

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Haya. Mke wangu, umesikia? Hata huyu anasema sijui." Vidole vyake vikaingia kwenye shingo ya kibuyu, na punje ikalazwa. Nilihisi uzito wake mikononi, au nilidhani nimeuhisi. Punje ya mahindi haina uzito wa kuhisiwa.

Nilipotoka nje nilikohoa mpaka nikakaa chini.

*

Mhesabu haendi kwake mwenyewe. Nyumba yetu alipangiwa Hamduni, akaja alasiri ya siku ya mwisho, akapiga hodi kama mtu aliyekuja harusini.

"Hodi hodi. Shikamoo Bibi Nyamizi."

"Marahaba. Pita, wewe mwenye domo. Mjukuu wangu ananiambia kazi yenu ni kunyamaza, nikamwambia basi yule Hamduni wamemchukulia nini?"

"Mimi nanyamaza kwa mshahara, Bibi. Nikitoka hapo nje nafidia."

"Fidia huko huko. Vuka viatu, usivikanyage."

"Nimeviona. Dada Mwasiti, mbona uso umekuwa hivyo? Ukuta ni mimi nitakayeutazama, si wewe."

Akageuka, akaweka kibuyu nyuma ya mgongo, na kweli akanyamaza. Kumbe kazini ni mtu mwingine. Akayasema maneno yetu kwa upole ambao sikuutarajia kwake.

Bibi alikuwa ameshika kapu mapajani. Akachukua punje, akaitupa, ikagonga. "Huyo mimi," akasema, ingawa hakuna anayetakiwa kusema. Akanisogezea kapu. Nikachukua yangu, nikaitupa.

Kisha akachagua. Hilo nilikuwa nimelisahau, au sikuwahi kulitazama. Kwa mama hachukui punje ya kwanza anayoigusa. Anapekua mpaka apate iliyojaa, isiyotobolewa na wadudu, anaifuta kwenye khanga yake. Ndipo akaishika kwa vidole viwili na kuupeleka mkono kwenye kibuyu.

Nikaukamata ule mkono.

Hakuuvuta. Aliniangalia kwanza kwa mshangao, kisha kwa ukali, kisha akaacha kuwa mkali. Mgongo wa Hamduni ulikuwa umetulia mbele yetu. Vidole vyake vilikaza kwenye kibuyu. Yeye pia ana kaka Chini.

Nilikuwa nimepanga kueleza. Njia nzima kutoka mtaa wa wachonga mawe nilikuwa nimepanga. Ningemwambia habari za sinia na foleni. Lakini punje hii ikitolewa haimwamshi mama. Itasogeza foleni kwa mtu mmoja, na mtu huyo huenda akawa mke wa Sizya, au mtoto wa fundi Chubwa, au mtu ambaye viatu vyake sijawahi kuviona. Na mvua ikichelewa tena, tutakuwa na mdomo mmoja zaidi juu ya maji yale yale. Singeweza kumwahidi Bibi kitu chochote.

"Unafanya nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Unamnyima mama yako?"

"Hapana, Bibi."

"Basi niachie. Mama yako yupo. Hatujawahi kumruka."

Ni kweli. Nyumbani kwetu mama yupo. Sahani yake inawekwa. Akipita mtu akauliza, tunajibu yupo. Siku niliyopata hedhi ya kwanza Bibi aliniambia, mama yupo, atakufundisha. Nilipoacha shule mwalimu alikuja kuuliza mzazi yuko wapi, tukamwambia yupo. Na kwa kuwa yupo, mimi sikuwahi kulia. Mtu huwezi kumlilia aliyepo. Nilijifunza kunyamaza hapo, kwenye neno hilo moja, na watu wakadhani ni haya.

Punje ilikuwa bado katikati ya vidole vya Bibi, juu ya shingo ya kibuyu.

"Mama hayupo, Bibi," nikasema. "Nimemkumbuka."